Mlango wa Chumba cha Nne

Mume wangu ni seremala, na sina ugomvi na kazi yake. Milango yake haikwami wakati wa mvua wala hailegei wakati wa jua. Ugomvi wangu ni na moyo wake, ambao haukuwahi kuwekwa mlango. Mtaani wanamwita Karibu, maana hilo ndilo neno linalomtoka kabla hajajua anayebisha hodi ni nani. Yeye hulichukua jina hilo kama sifa. Mimi linanichoma.

Mwaka huu nastaafu. Nimefua na kupiga pasi mashuka ya hospitali tangu nywele zangu zikiwa nyeusi tii, na kiinua mgongo ninachotarajia hakitainua mgongo wa mtu yeyote. Mume wangu hana hata hicho, maana fundi aliyejiajiri hana wa kumlipa pensheni. Ndiyo sababu tulianza mapema. Kila tulipojibana tulinunua matofali, na matofali yakawa vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yetu. Kodi yake ndiyo ingetulisha uzeeni, tusije tukawapigia watoto magoti kila mwisho wa mwezi.

Hiyo ndiyo mipango. Sasa sikia kilichotokea. Chumba cha kwanza kilipokamilika aliingia wifi yangu, aliyekuwa amegombana na mumewe, akasema anapumzika kidogo. Amepumzika mpaka amenenepa. Cha pili yumo shemeji, aliyekuja mjini kung'oa jino. Jino lilishang'oka zamani, yeye bado. Cha tatu kuna mpwa wa mume wangu anayetafuta kazi, na nadhani anaitafuta chini ya mto, kwa sababu mchana unamkuta bado kajifunika. Hakuna hata mmoja anayetoa kodi. Nikilalamika, mume wangu hunijibu taratibu kwamba hao ni ndugu. Upole wake huo ndio unaonitia wazimu. Angefoka ningefoka, tukayamaliza.

Ilipofika zamu ya chumba cha nne, nilikaa chini nikafikiri. Nikagundua kwamba hakuna ndugu aliyewahi kuja kabla ya mlango. Mume wangu huweka mlango mwisho kabisa, rangi ikishakauka, halafu huwapigia ndugu simu waje waone alivyouchonga. Nao huja kuuangalia mlango wakiwa na godoro kichwani.

Basi nikamwambia chumba hiki hakitawekwa mlango mpaka mpangaji apatikane. Akakubali. Lakini aliumia, nilimwona. Kila asubuhi akipita pale alisimama kwenye fremu tupu, akaipapasa, akatikisa kichwa. Siku moja aliniambia kwamba watu watadhani fundi amekufa. Nikamjibu wadhani wanavyotaka, marehemu hasumbuliwi na wageni.

Mpangaji nilimpata kazini. Ni nesi wa wodi ya watoto, mtu wa heshima, anayeturudishia mashuka yakiwa yamekunjwa. Alikuwa akitafuta nyumba nzima karibu na hospitali ili amlete mama yake na wanawe, akaikosa, akasema atajibana kwenye chumba kimoja kwa sasa. Nilifurahi hata nikaunguza foronya kwa pasi. Nilimwambia mume wangu nesi atakuja Jumamosi kukiona chumba, kwa hiyo mlango auchonge, ila asiutundike na asimwambie mtu.

Jumamosi nikatoka kazini na nesi. Tulipozunguka nyuma ya nyumba nikauona mlango umetundikwa, umepigwa vanishi, unang'aa. Mbele yake palikuwa na viatu vya kiume vya kizee. Nilijua hapohapo.

Mume wangu akaja akijifuta maranda mikononi. Alisema hakumwita mtu ahamie. Alimpigia mjomba wake tu, huyo aliyemlea na kumshikisha randa kwa mara ya kwanza, aje auone mlango, kwa sababu hajawahi kuchonga mwingine kama huu. Mjomba alikuja na begi. Aliusifu mlango, akaingia ndani kuuangalia upande wa pili, akalala.

"Ningemwambiaje mjomba atoke?" akaniuliza. "Mke wangu, nielewe."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Hata mimi nisingemtoa mzee yule. Nilisimama pale nikiwaona wote waliotumia uzee wangu kabla sijaufikia: huyu anapumzika, yule anasubiri, mwingine anakoroma. Na nesi amesimama pembeni na mkoba wake, anatazama chini kwa aibu isiyo yake.

Nikamshika mkono. Nikamwambia samahani, nimempitisha njia siyo, chumba hiki si cha kupangisha. Nikamrudisha mbele, nikafungua nyumba yetu. Nikamwonyesha sebule, vyumba vya kulala, jiko. Nikamwambia milango yote ni ya mbao ngumu, imechongwa na fundi mwenyewe. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Nikamwambia anaweza kumleta mama yake na watoto mwisho wa mwezi, tena kodi yake ni zaidi ya ile ya chumba. Akakubali palepale.

Mume wangu alikuwa ametufuata mpaka sebuleni. Alitazama makochi, akatazama kitanda chetu kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Na sisi tutakaa wapi?"

"Sisi ni ndugu," nikamwambia. "Nyuma kuna milango minne, yote umeichonga wewe. Nenda ukabishe hodi."

Alidhani namtania. Alipoona sicheki, akatoka polepole, nami nikamfuata, na nesi nyuma yangu. Akaanzia kwa dada yake. Alibisha kwa kidole kimoja, kama mtu asiyejua mlango ni wa nani. Redio ya ndani ikapunguzwa sauti.

"Nani?" wifi akauliza. "Una shida gani?"

Mume wangu alijitaja, akaeleza. Alieleza vizuri, taratibu, kama kawaida yake. Kisha tukasimama pale tukisubiri, na redio ikaongezwa sauti.