Kosa la Namba Sita

Simu ya kwanza iliingia Emérithe akiwa anapiga mswaki. Ya pili ikaingia kabla hajasukutua. Jumapili asubuhi, mtaa mzima wa Tensta, Stockholm, bado umelala, na watu wazima wenye akili zao wanampigia mama wa miaka hamsini na miwili kumwomba adanganye. Hawakusema adanganye, la. Walisema "arekebishe".

Jana yake Falkarna, timu ya besiboli ya mtaa jirani wa Hjulsta, ilikuwa imetwaa ubingwa wa Uswidi kwa mara ya kwanza, pointi tano kwa tatu. Emérithe alikuwa pale pale alipokaa kwa miaka kumi, mezani nyuma ya wavu, na kitabu cha mechi mbele yake. Alianza kazi hiyo mwanawe Arnaud alipoingia timu ya watoto. Wazazi wote walitakiwa kujitolea: wenye magari wakabeba watoto, wanaojua kuoka wakaleta keki, naye asiye na gari wala keki akakabidhiwa kitabu. Alikisomea kama mtu anayetafuta cheti. Siku hizi ndiye mwandishi rasmi, ana kitambulisho shingoni, na akishaandika kwamba mpira fulani ulikuwa pigo halali au kosa la mlinzi, imekwisha. Waandishi wengine hutumia penseli. Yeye hutumia wino, na wamemcheka kwa hilo mpaka wakachoka.

Arnaud sasa ana miaka ishirini na mitatu. Husimama kati ya besi ya pili na ya tatu; kitabuni ni namba sita. Msimu mzima, mechi ishirini na saba, hakufanya kosa hata moja. Klabu moja ya Ujerumani, inayolipa mshahara wa kweli, ilikuwa imemwandikia barua kwa ajili hiyo. Ilisema inasubiri takwimu za fainali tu.

Basi katika fainali hiyo, ngwe ya nane, mpira ukaja kwake ukibingirika chini, mpole, mpira ambao hata Emérithe angeuokota na viatu vyake vya kazini. Arnaud akatupa jicho besi ya kwanza kabla hajaushika. Ukagonga glovu, ukagonga kiatu, ukaenda zake. Mkimbiaji akafika salama, na baadaye akafunga. Emérithe akaandika kosa, namba sita. Kwa wino.

Simu ya tatu ilikuwa ya Clinton, kocha, Mganda aliyejifunza besiboli shuleni kwao na kuja nayo Stockholm.

"Mama Arnaud, tumeshinda. Nani ameumia? Kanuni inakupa masaa ishirini na nne kubadilisha, mpaka leo saa kumi na moja. Andika pigo halali. Please. Ni kitu kidogo."

"Kidogo kwa nani?"

"Kwa kila mtu!"

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Kitabu cha besiboli hakina pa kutupia taka. Ukilifuta kosa la mlinzi, mpira ule unageuka pigo halali, na pigo halali anabebeshwa aliyemrushia mpigaji mpira, pamoja na ile pointi iliyofungwa baadaye. Aliyerusha alikuwa Adam, miaka kumi na tisa, mtoto wa Mwatumu. Na Mwatumu alikuwa mwenzake Emérithe kazini, katika nyumba ya wazee. Miaka sita wamegeuza wagonjwa vitandani pamoja, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Clinton huyu huyu alikwisha kutangaza kwamba mwakani analeta mrushaji kutoka ng'ambo, isipokuwa kama Adam atamaliza msimu na takwimu safi.

"Na Adam je?" akauliza.

"Adam bado mdogo. Ana muda."

Emérithe akamkatia simu bila kuaga. Alitaka kuvunja kitu, akaona vyombo vyote vilivyomo ndani amevinunua mwenyewe, akaviacha.

Mwaka 2015, kwao Bujumbura, jina la mume wake Gratien lilikuwa kwenye orodha ya watu wa kukamatwa. Baadaye Emérithe aliiona karatasi kwa macho yake: chini ya jina la Gratien kulikuwa na alama za jina lingine, lililofutwa kwa raba. Aliyeandika alikuwa amemwonea huruma ndugu yake mwenyewe, na orodha ilitakiwa iwe na watu kumi na wawili. Gratien hakurudi. Bila shaka huyo mwandishi naye alijiambia kuwa ni kitu kidogo.

Arnaud akatoka chumbani, macho mekundu.

"Mamma, snälla," akaanza kumsihi, na kwa Kiswidi chake cha haraka akamwambia kwamba hakuna mama mwingine duniani ambaye angefanya hivi, kwamba anamharibia maisha kwa mstari mmoja wa wino.

"Mpira uliuona?" Emérithe akauliza kwa Kiswahili.

"Uliruka vibaya."

"Weye, nimekuuliza kama uliuona."

Akarudi chumbani akaubamiza mlango. Emérithe akaubamiza wa jikoni, ili wawe sawa.

Saa kumi alasiri ukumbi wa klabu ulikuwa umejaa watu waliokuja kusherehekea. Kombe lilikuwa mezani kati ya pilau na keki. Emérithe aliingia na kitabu kwapani, na mazungumzo yakapungua. Watu waliokuwa wakimkumbatia wiki iliyopita sasa walikuwa na shughuli nyingi na sahani zao. Josefin, mwenyekiti wa klabu, akamjia na tabasamu, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba hakuna anayemlazimisha, ila angefurahi kama angelifikiria tena kwa ajili ya klabu. Clinton alikuwa nyuma yake anatazama saa. Arnaud alikuwa nyuma ya Clinton, anatazama sakafu.

Emérithe akasogeza kombe pembeni, akafungua kitabu ukurasa wa fainali, akamnyooshea mwanawe kalamu.

"Njoo uandike mwenyewe. Lakini usiandike namba. Andika jina lake lote. Yuko pale anakula, na mama yake yuko pembeni yake."

Mwatumu aliinua kichwa. Ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyemwambia chochote. "Jina la nani, dada? Kuna nini?"

"Wanataka kosa la Arnaud lihamie kwa Adam."

Adam akainuka, mrefu, mpole, anajifuta mikono kwenye suruali.

"Mama Arnaud, mimi sijali," akasema. "Kweli. Andika kwangu tu."

Emérithe angetukanwa mbele ya watu wote asingekasirika kama alivyokasirika kwa maneno yale.

"Hujali!" akapiga kelele, na sauti ikampasuka. "Ndiyo maana wamekuchagua wewe! Wanakujua hujali! Kila mahali wanamtafuta mtu asiyejali, wanamwandika yeye! Kaa chini, Adam. Jifunze kujali!"

Adam akakaa. Josefin hakuyaelewa maneno ya Kiswahili, lakini alirudi nyuma hatua mbili. Clinton akafungua mdomo, Emérithe akamwelekezea kalamu, akaufunga.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja kasoro dakika sita. Arnaud akaja mpaka mezani. Aliitazama kalamu iliyonyooshwa, hakuipokea. Na yeye ambaye tangu akiwa na miaka kumi na minne alikuwa akimjibu mama yake kwa Kiswidi tu, akasema kwa Kiswahili, polepole, akiyatafuta maneno:

"Niliuona mpira. Nilitazama besi kwanza. Ni kosa langu."

Alijua. Tangu jana alijua, na aliwaacha watu wampigie mama yake simu asubuhi yote. Emérithe alidhani atafurahi kulisikia lile neno, kumbe lilimwongezea moto.

"Usiniambie mimi. Mimi nilishaandika. Mwambie Mwatumu."

Akafunga kitabu, akavuta kiti, akakaa kumtazama. Arnaud akageuka. Ukumbi mzima ulimwona anavuka sakafu na medali yake ya dhahabu shingoni, akasimama mbele ya mama yule, mikono imekosa pa kukaa. Mwatumu aliweka kijiko chini, akamtazama usoni, akasubiri. Hakumsaidia hata kwa neno moja.