Mbao za Jibini la Majivu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne kasorobo asubuhi. Bwana afya aliingia chumba cha jibini bila hata hodi, akapitisha kidole kwenye ubao wa kupangia jibini, akakitazama kana kwamba kimeoza.

"Mzee, haya nini?"

"Majivu. Ya matawi ya mlimau."

"Kwenye chakula cha watu?"

"Ndiyo. Na huo weupe juu yake ni ukungu, usiuguse."

Akacheka. Wenye vyeo hucheka hivyo, halafu wanaandika. Aliandika nisugue mbao zote kwa klorini, la sivyo chumba kifungwe. Mimi niliishia darasa la nne. Nikiona mhuri, natii. Nikasugua. Mara tatu.

Mke wangu alikuwa na miezi saba kaburini. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuzitia maji mbao zile. "Usiziogeshe, mume wangu, hizo si watoto." Alikamua mbuzi huku akiwasema mmoja mmoja kwa tabia zao. Maziwa yakishaganda, aliyachota kwa upawa polepole, kama anahamisha mayai. Kesho yake chumvi, halafu majivu, aliyoyachekecha kwa kitambaa chembamba mpaka pua inakuwa nyeusi. Nikimcheka, ananipaka na mimi. Siku ya nane, juu ya weusi ule unatoka ukungu laini kama manyoya ya kifaranga, na chumba kizima kinanukia uyoga. Ukungu ule hakuununua popote. Ulikaa ndani ya mbao.

Baada ya klorini, jibini lilitoa utelezi wa manjano. Chungu! Hata mbwa alilinusa akaenda zake. Nikaenda ofisini kwao. Mkubwa akaniambia hakuna sheria inayokataza majivu wala mbao, na bwana afya yule ameshahamishwa. Basi. Hata pole sikupewa.

Wiki iliyopita akaja shemeji, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, wewe kwa kutii! Angekuambia uoge klorini je?"

"Ningeoga."

"Ungeoga, nakujua!"

Tukacheka, halafu yeye akalia. Akatoa mkobani jibini moja dogo, gumu kama jiwe. Dada yake alimpa kabla hajafa; kulila alishindwa, kulitupa alishindwa. Ukungu ulikuwa bado umelishika, mkavu.

Tukaukwangua ukungu ule ukawa unga, tukaupaka kwenye mbao mpya na kwenye vipande vinne vya jibini bichi vyenye majivu. Jana ilikuwa siku ya nane: weusi mtupu. Leo asubuhi, pembeni mwa kipande kimoja, pana kidoa cheupe. Huenda ni ukungu wake. Huenda ni chumvi tu.

Shemeji ameinama, pua karibu iguse. Mimi nimesimama mlangoni, siwezi kusogea.

"Shemeji," ananiuliza kwa sauti ya chini, "ndiye?"