Saa Nane ya Mashine

"Mama, daktari wa macho amekwisha kufunga mkoba," bawabu alisema, ameshikilia lango la hospitali kana kwamba litakimbia.

Fundi cherehani alitua kikapu chini. "Nimeambiwa saa nane. Na hiyo saa nane yenyewe bado."

"Umeambiwa na nani?"

"Si na yule bibi yenu wa kwenye simu! 'Miadi yako ni saa nane kamili.' Nimemsikiliza mara tatu. Ana sauti tamu, utadhani anabembeleza mtoto."

Bawabu akashusha pumzi. "Nane ya mashine ni saa mbili asubuhi, mama yangu. Yule si mtu, ni mashine, na waliomtengeneza wanahesabu kwa saa ya kizungu. Nimewaambia tangu juzi. Wakanijibu eti hilo litashughulikiwa awamu ya pili."

Jicho la kulia la fundi lilishakwenda zamani. La kushoto lilikuwa likifunga ukungu. Uzi alikuwa akiutunga kwa ulimi na subira, mshono akiupapasa kwa kidole gumba. Wiki iliyopita alishona kaptula ya shule, mguu mmoja ukatoka nje ndani. Mwenye kaptula hakugomba, alicheka tu. Daktari huyu huja mara mbili kwa mwaka. Asiyeandikwa leo kwenye orodha ya kupasuliwa angoje miezi sita, na jicho halikuwa na miezi sita ya kungoja.

Akaingia. Ukumbini mabenchi yalikuwa yameondolewa kuipisha mashine, nyeupe, ndefu kama kabati la nguo. Vijana wa kampuni, fulana za rangi moja, waliizunguka wakipigwa picha. Mwandishi wa habari akamsogezea kipaza sauti.

"Bibi, umeitwa na mashine?"

"Nimeitwa."

"Basi sema hapa: mashine imeniondolea usumbufu."

"Imeniondolea daktari."

"Hapo tutakata. Tuanze tena, ila sasa utabasamu."

"Baba, nina meno mawili na jicho nusu. Unataka nitabasamu na kipi?"

Mpiga picha akacheka mpaka kamera ikatikisika. Mwandishi hakucheka. Binti wa kampuni akamshika fundi mkono kwa upole, akabonyeza kioo cha mashine. "Usijali, bibi. Mfumo unakupangia siku nyingine." Sauti tamu ikatoka kabatini, ikataja tarehe ya mbali, miezi sita mbele, halafu ikamalizia: saa nane kamili.

Fundi alitoka bila kuaga. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, walikaa watu, mmoja amefunga kitambaa jichoni, mwingine ameshikwa mkono na bintiye.

"Na wewe wa saa nane?" mshona viatu mmoja akamuuliza.

"Wa saa nane."

"Karibu. Tuko kumi na saba."

Gari la daktari lilikuwa limeegeshwa limeelekea lango. Fundi akalisogelea, akaweka kikapu mbele ya gurudumu, akakaa chini, akakunja miguu na kufunika magoti kwa kanga.

"Mama, ndiyo nini hiyo?" bawabu akauliza.

"Nangoja saa nane."

Mshona viatu akajikokota akakaa kando yake. Kisha yule mwenye binti. Kisha wote.

Daktari alishuka ngazi na ufunguo wa gari mkononi, akawatazama, akatazama saa yake. "Bawabu, fungua lango. Nina safari."

"Natafuta ufunguo, daktari," bawabu alisema, akijipapasa mifuko taratibu, mmoja baada ya mwingine. "Sijui nimeuweka wapi."

Mwandishi akachungulia mlangoni. "Jamani, msiongee kwa sauti. Tunarekodi mashine."

Daktari alirudisha ufunguo wake mfukoni. Halafu akaweka mkoba juu ya boneti, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa. Fundi akahisi dole gumba geni, la baridi, likimwinua kope.

"Tazama juu. Unaona nini?"

Kitu cheupe kilikuwa kikipita huko juu polepole, pengine wingu, pengine ndege. Fundi alikifuata mpaka mwisho wa ukuta, bila kuharakisha jibu.