Benchi la Watu Wawili

Sauna yetu ya zamani, chumba chetu cha kuogea mvuke, ilioza sakafu, tukaamua kujenga nyingine palepale, kwenye mteremko wa kwenda ziwani. Binti yetu Tuulia alikuja na chaki, akachora mpangilio kwenye sakafu ya ghala la nyasi, kwa ukubwa wake kamili, tuone kila kitu kitakaa wapi. Mlango huku, jiko la kupashia mawe kule, dirisha la kutazama maji. Mimi nikapewa benchi la juu. Baba yake, Taisto, ambaye nyonga haimruhusu tena kupanda, akachorewa kibenchi cha chini chenye kishikio.

Taisto akasema panafaa. Kwa jinsi alivyosema haraka, nikajua hapafai. Tangu tuoane, kila Jumamosi tumekaa saunani bega kwa bega. Huko chini mvuke haufiki. Ni mahali pa watoto na ndoo.

Sikubishana. Nilileta debe la maziwa, nikalisimamisha palipochorwa jiko, nikamgeuzia Taisto kreti ya viazi akae mahali pake. Mfuniko wa debe ulimfika magotini. Nyayo zake zilikuwa chini kabisa, na mvuke huanzia kwenye mawe ya jiko, yakimwagiwa maji, kwenda juu.

“Miguu itakuganda, mzee,” nikamwambia.

“Nitavaa soksi.”

Tuulia alicheka. Alisema baba hapandi na paa haliinuki, sasa afanye nini. Nilitaka tu aone baba yake atakavyokaa.

Nikabeba debe kulirudisha. Ghala letu limeinuliwa juu ya mawe ya msingi, basi nilipotoka nililitua kwenye majani mbele ya mlango, nipumzishe mgongo. Mfuniko ukawa sawasawa na sakafu.

“Mama, hebu liache hapo,” Tuulia akasema.

Akamsogeza baba yake na kreti yake hadi mlangoni. Nyayo za Taisto zikakaa juu ya sakafu, na debe lote likawa chini yake.

Kumbe jiko ndilo lishushwe chini ya sakafu, mvuke utufikie sote bila kupanda. Tulijadiliana maji yatakayomwagikia huko chini yatatoka nje vipi, tukaona mteremko utayapeleka wenyewe. Tuulia akafuta mabenchi yote mawili kwa kiatu, akachora moja pana la chini.

Taisto akauliza kata ya kumwagia mawe maji itakaa upande wa nani.

“Wangu,” nikasema. Anajua nikiishika mimi, mvuke huunguza masikio.

“Basi nirudisheni kwenye kibenchi changu.”

Lakini hakuinuka kwenye kreti.