Bahari Tamu ya Mtukufu Kiboko

Chumvini hamtaiona kwenye ramani, na wakubwa wa Chumvini wangependa ibaki hivyo. Ni kisiwa chenye mlima mmoja, kijito kimoja na mfalme mmoja, Mtukufu Kiboko, na matatizo yalianzia hapo hapo, maana kijito kilikuwa chembamba na mfalme alikuwa mnene. Siku aliyotawazwa alijengewa ukuta huko juu, kijito kikageuka bwawa, naye akaingia akajilaza. Wananchi waliobaki chini na ndoo zao wakaambiwa bwawa ni suala la usalama wa taifa. Tangu hapo kulitaja kukawa kosa.

Sasa wanyama wanywe nini? Baraza halikukosa majibu. Punda aliyakumbuka yote, kwa sababu yote yalipitia mgongoni mwake. Alibeba nyavu za kunasia ukungu; ukungu ukapita zake. Alibeba ngoma za kuitia mvua. Mvua ikajifanya kiziwi. Safari hii alikuwa anabeba kuni.

Kuni zilikuwa za Mradi wa Bahari Tamu. Ufukweni paliwekwa sufuria kubwa kuliko nyumba, likajazwa maji ya bahari, likachochewa moto mchana kutwa. Mvuke ulipanda, ukaingia kwenye bomba la shaba, ukapoa, ukadondoka upande wa pili, tone, tone, tone. Na yalikuwa matamu kweli, jambo lililomuudhi Punda kuliko yote. Uongo mtupu angeukamata mapema.

Sheria ya mradi ilikuwa nyepesi kutamka: mzigo mmoja wa kuni, kata moja ya maji, asiyebeba hanywi. Mama yake Punda alikuwa na magoti yaliyokwisha kwa kubeba nyavu na ngoma. Kwa hiyo Punda alibeba mara mbili, mzigo wake na mzigo wa mama.

Mwanzoni miti ilikuwa karibu na mambo yalikwenda. Lakini msitu ulirudi nyuma kama nywele kichwani mwa mzee, na kadiri ulivyorudi ndivyo njia ilivyorefuka, na kadiri njia ilivyorefuka ndivyo koo lilivyokauka. Mpaka siku ile Punda aliposhuka na mzigo wa pili, ulimi umekauka kama kipande cha ngozi, akapokea kata ya mama yake. Alitaka kuinusa tu. Alipoinua kichwa, kata ilikuwa tupu.

"Umeniletea?" mama akauliza alipomwona anarudi na kata.

"Nimekuletea, mama."

"Yako wapi?"

"Yamo tumboni mwangu."

Mama akailamba kata, midomo yake imepasuka. "Basi kesho nipakie juu ya kuni, mwanangu, nikanywe huko huko kabla hujanisaidia kunywa."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akakohoa, akashindwa kuacha kukohoa, na Punda akaenda barazani hata bila kujipangusa vumbi.

Mtukufu alikuwa ndani ya beseni lake la mkutano. Kasuku, Msemaji wa Serikali, alikuwa anatangaza kwamba sufuria limevunja rekodi.

"Waheshimiwa, nina swali dogo," Punda alisema.

"Maswali madogo wanaulizwa wakubwa wadogo," alijibu Fisi, Waziri Mkuu.

"Maji ya sufuria wanakunywa nani?"

"Wananchi!" Kasuku akadakia.

"Wananchi gani?"

"Wabeba kuni," alisema Ngiri, Waziri wa Kuni.

"Na sisi wabeba kuni, kiu yetu inatokana na nini?"

"Na kubeba ku..." Ngiri akajiuma ulimi, kama aliyekanyaga kitu laini gizani.

"Kwa hiyo tunachemsha bahari ili tupate nguvu ya kubeba kuni za kuchemshia bahari. Na mama yangu anakufa kwa kiu pembeni ya sufuria."

Mtukufu akafumbua jicho moja. "Ametukana?"

"Hapana, Mtukufu," Fisi akasema. "Amesifu. Anasema mradi unajitegemea."

"Apewe nishani."

Wakamvisha Punda nishani ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Mama yake akatumiwa pole rasmi. Na kwa kuwa maji hayatoshi, baraza likaazimia kwa kauli moja kujenga sufuria la pili.

Kesho yake Punda alijilaza katikati ya njia ya msituni, mama yake kando.

"Inuka, Shujaa!" Ngiri alimfuata na fimbo.

"Shujaa anapumzika, Mheshimiwa."

Punda wengine walitazama, nao wakajilaza. Ngiri akachapa huyu, akachapa yule, jasho likamtiririka, akawa wa kwanza kuomba maji. Punda waliolala kivulini walilamba umande majanini na kuambiana, kwa mshangao, kwamba kiu ya leo si kama ya jana.

Moto ukafifia. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Mtukufu mwenyewe alikuwa akinywa ya sufuria. Yale ya bwawa alishayafanyia mambo ambayo kiboko hufanya majini. Akanguruma kutoka bwawani aletewe kata yake, na mawaziri wakalazimika kupanda mlima kuleta kuni kwa migongo yao.

Walirudi wamepinda. Fisi akaziba bomba kwa mdomo, Ngiri akamvuta mkia, na maji yote ya mchana ule yakaishia kooni mwao.

"Kata yangu iko wapi?" Mtukufu akapaza sauti kutoka juu bwawani.

"Imetumika kwenye uzalishaji, Mtukufu," Fisi akasema huku akijifuta.

"Nendeni tena!"

Wakapanda tena. Njiani walipita chini ya ukuta, na nyuma yake maji yalisikika yakicheza. Ngiri akasimama.

"Kulitaja ni kosa," Fisi akamwonya.

"Kwani nimetaja?" Ngiri alisema, akachomeka meno yake yaliyopinda kati ya mawe.

Ukuta uliporomoka kwa kishindo. Kwanza ulishuka uchafu, kisha akashuka Mtukufu kwa makalio, akaupita umati uliokuja mbio kwa kile kishindo na kwenda kukwama matopeni ufukweni. Nyuma yake, polepole, kijito kikaanza kung'aa. Mama yake Punda alipiga magoti yake mabovu akanywa, akapumua, akanywa tena, na hakuna aliyemuuliza amebeba nini.

Wananchi wa Chumvini walikuwa hata hawajashiba wakati Fisi alipopanda juu ya jiwe, pale kijito kinapobana, mdomo bado unadondosha maji.

"Ndugu wananchi! Mimi niliyebomoa ukuta kwa niaba yenu naona ni busara, kwa muda tu, kijito hiki kiwe chini ya kamati..."

Punda alimtazama mama yake anavyokunywa. Akalitazama jiwe. Kisha akatembea bila haraka, nishani ikigonga kifua, akafika chini ya Fisi na kumpa mgongo.

"Karibu, Shujaa wetu!" Fisi alisema, akidhani amekuja kumlinda. Angekuwa amewahi kubeba kuni pamoja na punda, angejua kwamba punda akigeuka namna ile anapima umbali wa teke.