Kidole cha Mama Patriki

Mama Patriki alijisifu kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwonea mtu wivu. Ukimwondoa wifi yake, na jirani mwenye cherehani, na sasa Hilaria.

Yeye na Hilaria walifanya kazi nyumbani kwa mtaalamu wa Kikanada, kwenye shamba la ngano la serikali chini ya mlima Hanang. Mama Patriki wa Balangdalalu alifua nguo nje, kwenye upepo na vumbi la matrekta. Hilaria, msichana aliyekuja juzi tu kutoka Mbulu, alipewa jiko, na pamoja na jiko akapewa mnyama: kama mjusi lakini wa majini, mweupe kama uji, mwenye mashungi mekundu shingoni, akiishi ndani ya sanduku la kioo. Mnyama wa aina hiyo huitwa aksolotli. Hilaria akitumbukiza kidole, mnyama anakuja mbio, mdomo wazi, anapewa mnyoo. Mke wa mtaalamu, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Kanada, hupiga makofi. Wageni nao hupiga makofi. Mama Patriki alikamua shuka mpaka likachanika.

"Minyoo ndiyo inayopendwa, si yeye," alijiambia. "Hajaonja andazi langu huyo."

Basi kila Hilaria alipokwenda kuchuma mchicha, Mama Patriki alinyemelea jikoni, akatumbukiza kidole na kipande cha andazi. Mwanzoni mnyama alisitasita. Baadaye akawa anamkimbilia, na moyo wa Mama Patriki ukalainika kama siagi. Alisahau jambo moja tu: andazi la hamira huumuka.

Asubuhi moja mnyama akaonekana anaelea, tumbo limejaa kama kibuyu. Miguu inapiga maji, chini haifiki. Mnyoo hautaki.

"Nani amemlisha kitu?" Mama Kanada aliuliza, akimtazama Hilaria. "Asipokula tena, utaondoka."

"Mama, mimi nampa minyoo tu!" Hilaria akalia.

"Mimi mlango wa jiko naujua kwa nje," alisema Mama Patriki, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mama Kanada akaagiza: asilishwe, maji yapunguzwe mpaka miguu iguse chini, na yawe ya baridi. Mama Patriki akayafuata kisimani mwenyewe, kabla jua halijapasha.

"Shikamoo, Mama Patriki. Mbona unajitesa hivi?" Hilaria alimuuliza.

"Marahaba. Ni huruma, mwanangu."

Huruma ilikuwepo, kidogo. Lakini zaidi asingevumilia mnyama aponee mikononi mwa Hilaria.

Siku zikapita, mnyama akajisaidia vizuri, akashuka, akasimama kwa miguu yake. Hilaria akatumbukiza kidole na mnyoo. Mnyama akamwangalia kama mtu anavyoangalia mgeni aliyekaa kwenye benchi lake kanisani.

"Bado hali," alisema Mama Kanada kwa huzuni. "Hilaria, funga mizigo."

Mama Patriki alikuwa ameleta ndoo. Akainama juu ya kioo kumimina maji. Mnyama akaruka kutoka chini, akaja mbio, mdomo wazi.

Hilaria akafuta machozi kwa kanga.

"Mama Patriki, mbona anakujua?"

"Amenifananisha tu! Haki ya Mungu, sijawahi hata kumsogelea."

"Sawa, mama," alisema Hilaria. "Basi toa kidole majini."

Mama Patriki akatazama chini, akakiona kidole chake kimezama majini.