Vichupa Vilivyoota Ndevu

Jumanne saa tatu asubuhi, fundi wa maabara aliyeitwa na wenzake Mama Barafu alifungua jokofu akakuta vichupa ishirini vya damu vimeota ndevu. Zilikuwa nyeupe, ndefu kama kucha. Alizinyoa kwa wembe, maana lebo hazikushika, kisha akaendelea na kazi: kuchuja protini zile tele zinazozifunika nyingine, ili zile adimu zionekane. Huenda mojawapo ikawa alama ya ugonjwa wa figo.

Vichupa hivyo vilikuwa vya wagonjwa. Cha kumi na saba kilikuwa cha mdogo wake. Vya wenye afya havikuota kitu.

"Alama si ndiyo hii!" alisema daktari mkuu, akipapasa kidevu cha kichupa kimoja. "Hata kipofu atapima."

Mama Barafu alikosa raha. Damu ya wagonjwa hukaa dirishani kwa muda wa saa sita, kwa kuwa tarishi wa wodi habebi kasha mpaka lijae. Ya wenye afya ilitolewa na watumishi humo humo maabara, ikaingia barafuni ingali na joto. Alijitoa damu yake, akaiacha dirishani. Alasiri ilikuwa na ndevu za kuchana.

"Dokta, hizi ndevu ni za kungoja. Si za ugonjwa. Yangu hii hapa."

Daktari aliitazama. "Basi nawe kapime figo, mama. Ripoti imeshakwenda."

Mwezi uliofuata kipimo kilianza kazi: mwenye ndevu hupewa kitanda na mashine ya kusafisha damu, asiye nazo hurudi nyumbani. Zamu ya mdogo wake ilipofika, Mama Barafu alimtoa damu mwenyewe, akikusudia kuiacha dirishani. Mazoea yana taabu: mikono yake ilikizika kichupa barafuni kabla akili haijaizuia. Kilitoka laini kama yai. Aliomba kurudia. Karani akasema mtu hupimwa mara moja.

"Dada, wanasema nimepona," mdogo wake alimwambia, cheti mkononi. Kitanda chake kilikuwa kinatandikiwa bwana mmoja mwenye siha, ambaye damu yake ililala dirishani tangu Ijumaa.

"Wewe mwenyewe unajisikiaje?"

"Mimi nani nibishane na kipimo?"

Miguu yake ilivimba hata viatu vilikataa kuingia. Mama Barafu alipiga magoti, akalegeza kamba zote, akasukuma, akasukuma tena.